Maporomoko ya Sanje, Udzungwa: uzoefu wangu baada ya eda

Mume wangu alifariki mwezi wa kumi na mbili. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, na siku ya kutoka ndugu walikuja, wakapika, wakaniombea dua, wakaniambia sasa mambo yatakuwa mepesi. Hayakuwa. Nilikuwa nasali vipindi vyote vitano, lakini nikikaa kuleta uradi ulimi unakwenda peke yake. Tasbihi inafika mwisho nami sikumbuki nilichotamka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko machozi.

Aliyenitoa ndani ni wifi yangu, dada wa marehemu. Alikuja mwezi wa nane akasema, "Wifi, fungasha nguo mbili. Tunakwenda Udzungwa." Naandika haya kwa ajili ya mwanamke mwingine aliye kwenye hali kama ile yangu, hasa yule anayedhani kupanda milima ni mambo ya wazungu na vijana.

Kutoka Dar tulipanda basi la Ifakara. Unapita Morogoro, ukifika Mikumi unaacha barabara kuu na kushika ile ya Kidatu, unavuka Ruaha Mkuu, mashamba ya miwa yanaanza na mlima unakuwa ukutani kwako upande wa kulia mpaka Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Tulilala hapo. Raia analipa kwa shilingi, na kiingilio chake ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, ila uwe na kitambulisho.

Jambo nililolipenda Udzungwa ni kwamba huko hakuna gari la kukuzungusha. Hifadhi ina karibu kilomita za mraba 1,990, na ukitaka kuiona utatumia miguu yako. Na huendi peke yako, lazima uwe na mwongozaji, kwa sababu tembo na chui wamo. Wetu alikuwa kijana mpole wa huko huko. Alituita mama na shangazi, na alitembea kwa mwendo wetu, si wake.

Njia ya maporomoko inaanzia kijiji cha Sanje. Mwanzo ni rahisi, kisha inapanda kwelikweli. Mizizi imekuwa ngazi, udongo una unyevu hata kiangazi, na miti imefunga juu kiasi kwamba saa nne asubuhi panakuwa kama alfajiri. Baada ya nusu saa pumzi ilinikatika. Sikuwa na nafasi ya kuwaza bili ya hospitali, wala zile simu ambazo sikuzipokea, wala nguo zake zilizo bado kabatini. Nilikuwa na hatua ya mbele tu. Bila kupanga nikajikuta nasema subhanallah mguu wa kulia, subhanallah wa kushoto. Maneno yakawa mafupi kama pumzi yenyewe, na kila moja nikalisikia. Nilisimama nikashika mti. Wifi akadhani nimechoka, nikamwambia hapana, ngoja kidogo.

Hapo tulipokuwa tumesimama ikasikika sauti ya nyani mbali bondeni, nzito, inakatika na kurudi. Kijana akasema huyo ni mangabe wa Sanje, hayupo mahali pengine duniani ila milima hii, na wanasayansi hawakumjua mpaka 1979. Wenyeji walikuwa wakimsikia miaka yote. Mbega mwekundu tulimwona kwa macho, kundi zima, mama mmoja amempakata mwanawe.

Hapa niseme jambo la viatu. Nilinunua vya kupandia milima kwenye duka moja mjini, nikahakikishiwa ni imara. Soli ya kushoto ilibanduka kabla hatujafika nusu ya safari, kijana akaifunga kwa kamba aliyokuwa nayo. Wifi alivaa raba zake za kila siku zenye meno, akaenda vizuri mpaka mwisho. Vaa kiatu ulichokwisha kukizoea.

Maporomoko yanashuka mita 170 hivi. Ukiyakaribia unayasikia kifuani kwanza, halafu manyunyu yanakupata usoni kabla hujayaona sawasawa. Juu kuna mabwawa ya kuoga, na kutoka huko bonde la Kilombero lote liko chini yako, miwa imepangwa kwa mistari mpaka macho yanashindwa.

Sikuoga. Nilikunja mikono ya gauni nikatia udhu. Maji yale ni baridi hata vidole vinauma. Nilipopaka kichwa nilitetemeka mpaka mgongoni. Tuliuliza kibla. Kijana akasema bonde liko mashariki, basi kaskazini ni kushoto kwetu. Tukatandika kanga mbili juu ya jiwe, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, rakaa mbili mbili, kama wasafiri. Kwenye sijida nililia, na kilio hiki kilikuwa kingine. Kile cha nyumbani kilikuwa hakina mwanzo wala kituo. Hiki kilianza, kikaisha, nikatoa salamu.

Sisemi mlima ulinitoa majonzi. Wiki iliyofuata nilikuwa na siku mbili mbaya sana, na kama hulali wala huli, kamwone daktari kwanza. Lakini siku hizi natembea kila alfajiri baada ya sala, na uradi wangu umerudi.

Mkienda, nendeni kati ya mwezi wa sita na wa kumi, wakati wa mvua njia inateleza. Tokeni mapema, bebeni maji ya kutosha na chakula. Kwenda na kurudi kulituchukua saa tano kwa mwendo wetu wa kupumzika pumzika.

Usiku ule Mang'ula tulikula wali na samaki wa Kilombero. Wifi akaanza kusimulia jinsi kaka yake alivyokuwa akiogopa maji utotoni, mpaka akabebwa mgongoni kuvushwa kijito cha magotini. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nikasogeza kiti, nikamwambia, "Endelea, wifi."