Kisanduku cha nakala za kitabu cha mgao: tathmini ya mnunuzi

Mwanangu, anayesoma darasa la sita hapa Leicester, alipewa kazi ya kueleza jinsi raia wa Uingereza walivyoishi majumbani mwao wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nilimnunulia kwa pauni 18, kutoka duka moja la mtandaoni, kisanduku chenye nakala za kitabu cha mgao wa chakula, kitambulisho, kuponi za nguo, tangazo la kuziba madirisha usiku na karatasi ya maelezo.

Kitabu cha mgao ndicho kinachostahili fedha hizo. Kwa kukishika tu, mtoto alielewa kwamba kuponi haikuwa fedha: kila kaya ilijiandikisha kwa muuza duka wake, ikalipa bei ya bidhaa kama kawaida, na kuponi ikakatwa au kupigwa mhuri ili mtu asirudi kuchukua tena. Mgao ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa bekoni, siagi na sukari, kisha ukafika kwenye chai, jibini, sabuni na hata peremende. Tulipima kwenye mizani ya jikoni gramu 57 za majani ya chai, ambazo ndizo zilizokuwa za mtu mmoja kwa wiki, na mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, akasema kwake zingekwisha kabla ya Jumatano. Nyama ilitolewa kwa thamani ya fedha badala ya uzito, hivyo aliyeridhika na vipande vya bei nafuu aliondoka na nyingi zaidi.

Mama ndiye aliyekuwa mhakiki mkali. Kitabu kile kilimkumbusha duka la kaya na foleni za sukari na sabuni baada ya Vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere alipowataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, miezi ambayo, asemavyo yeye, haikuwahi kwisha. Aliuliza kwa nini kurasa zote ni nzima na zinang'aa, ilhali kitabu cha namna hiyo hushikwa kila wiki kwa mikono yenye unga na mafuta. Sikuwa na jibu.

Karatasi ya maelezo ndiyo iliyoniudhi. Inadai kwamba mkate uligawiwa kwa kuponi wakati wa vita, ilhali jambo hilo lilianza Julai 1946, vita vikiwa vimekwisha, likadumu hadi 1948. Mgao wenyewe haukufutwa kabisa hadi Julai 1954. Vilevile inawapa watoto wote kitabu cha kijani, ambacho kwa kweli kilikuwa cha wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiofikisha miaka mitano, wakati wakubwa zaidi, hadi miaka 16, walikuwa na cha buluu. Kuponi za nguo nazo hazina bei zake, kwa hiyo mtoto hawezi kujua kwamba suti ya mwanamume ilikula 26 kati ya 66 za mwaka wa kwanza, yaani 1941.

Nililiandikia duka, liliomba radhi, lakini tangazo la bidhaa halijabadilika. Nimekipa nyota tatu kati ya tano, na mama amekwisha kuchukua mkasi, anakata kuponi za wiki ya kwanza.