Shule za Umma za Houston: Alama Zimepanda, Imani Bado

Anayetaka kuipima Houston ISD, wilaya ya shule za umma iliyo kubwa kuliko zote jimboni Texas, hana budi kutazama mambo mawili kwa pamoja: kinachofundishwa darasani, na nani mwenye kauli ya mwisho juu yake. Kwa la kwanza ningeipa alama ya wastani inayoelekea kupanda. Kwa la pili ningeifelisha.

Juni 2023 serikali ya jimbo iliiweka kando bodi iliyochaguliwa na wananchi, ikateua bodi ya mameneja na msimamizi mkuu mpya, Mike Miles, aliyewahi kuziongoza shule za Dallas. Msingi wake ulikuwa sheria ya 2015 inayomruhusu kamishna wa elimu kuiondoa bodi nzima pale hata shule moja inaposhindwa kufikia viwango kwa miaka mitano mfululizo, na shule iliyotajwa zaidi ilikuwa Sekondari ya Wheatley. Kesi ya wilaya ya kuzuia hatua hiyo ilivutana mahakamani kwa miaka kadhaa, na kufikia 2022 Wheatley ilikwisha kupata alama C. Hata hivyo bodi iliondolewa.

Ufundishaji wenyewe unastahili kuelezwa kwa haki. Katika shule zilizowekwa chini ya mfumo mpya uitwao NES, masomo huandaliwa makao makuu, mwalimu hufuata slaidi na saa, na kuelekea mwisho wa kipindi wanafunzi hupewa jaribio fupi: waliofaulu hutoka kwenda kufanya kazi ngumu zaidi, waliosalia hurudiwa somo na mwalimu. Mishahara ya walimu wa shule hizo ilipandishwa. Matokeo ya mitihani ya jimbo yamepanda, na mwaka 2025 hakuna shule hata moja ya wilaya iliyopewa alama F, jambo ambalo mkosoaji mkweli hawezi kulipuuza. Hata hivyo, maktaba katika shule nyingi za mfumo huo zilifungwa na kugeuzwa vyumba vya kazi hizo, na humo humo hupelekwa pia wanaovuruga darasa; walimu wengi wameondoka, na idadi ya wanafunzi imepungua. Mimi sielewi ni usomaji wa namna gani unaojengwa kwa kumwondoa mkutubi.

Wazazi, kwa kuwa bodi hiyo haipigiwi kura, walipata nafasi moja tu ya kutoa hukumu yao. Novemba 2024 wilaya iliomba idhini ya kukopa dola bilioni 4.4 ili kukarabati na kujenga upya majengo, ambayo mengi kwa kweli yamechakaa, na wapiga kura wakakataa. Wengi wa waliopinga hawakubisha kwamba paa zinavuja. Kauli yao katika kampeni ilikuwa kwamba pasipo imani hakuna mkopo. Mwaka uliofuata jimbo lilirefusha usimamizi wake hadi Juni 2027, uamuzi ambao haukupigiwa kura.