Nimeihamishia A kwenye kidole gumba: uzoefu wangu na kibodi ya Corne

Chukua sentensi inayofungua kifungu cha kwanza cha Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Ina herufi 42, na 10 kati ya hizo ni A. E zimo mbili tu. Sasa itazame kibodi uliyonayo. A imekaa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, na kidole gumba cha mkono huohuo mara nyingi kinaelea tu hewani kwa sababu wengi wetu tunapiga spesi kwa gumba la kulia.

Mimi ni mfasiri, na pembeni ninanukuu mahojiano ya sauti. Kazi zote mbili ni kuandika Kiswahili asubuhi mpaka jioni, na kidole hicho cha mwisho ndicho kilichoanza kuniuma, maumivu yakapanda hadi kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana nikanunua Corne, na nataka kueleza kwa urefu jinsi nilivyoipanga, kwa sababu karibu maelekezo yote niliyokutana nayo yameandikwa na watu wanaoandika Kiingereza au msimbo wa programu. Mahesabu yao si mahesabu yetu.

Corne ni kibodi iliyogawanywa vipande viwili, kila mkono na chake, unaviweka kwa upana wa mabega yako. Usanifu wake ulitoka Japani na michoro iko wazi kwa yeyote, hivyo inauzwa na mafundi na maduka mengi tofauti, ikiwa imeunganishwa tayari au vipande vitupu. Ina vitufe 42: kila upande vitufe 18 vya vidole na vitatu vya gumba. Havikupangwa kwa mshazari kama vya laptopu. Vimesimama kwa nguzo, na kila nguzo imesogezwa juu au chini kufuata urefu wa kidole chake. Hakuna mstari wa namba, hakuna mishale, hakuna F1 wala F12. Vyote hivyo vinaishi kwenye matabaka: unashikilia kitufe cha gumba, na vitufe vilevile vinabadilika maana.

Ndani ya yangu kuna QMK, programu inayoamua kila kitufe kitoe nini, ambayo inaweza kubeba hadi matabaka 32. Mimi natumia matano. Ya kwangu ilikuja na Vial, inayokuruhusu kubadilisha kitufe na matokeo yakaonekana papo hapo, bila kukusanya upya programu wala kuipakia tena kwenye kibodi. Kwa mtu anayejaribu mpangilio mpya kabisa, huu ni msaada mkubwa mno. Unaandika aya, unahisi kidole kinagombana na kingine, unahamisha herufi, unaendelea.

Kuna jambo watu hunieleza kama kizuizi kumbe silo: mpangilio unakaa ndani ya kibodi yenyewe. Kompyuta inaona kibodi ya kawaida ya Kimarekani. Naichomeka kwenye mashine ya ofisi ya mteja, ambapo siruhusiwi kusakinisha kitu chochote, na inafanya kazi vilevile.

Sasa mpangilio wenyewe. Wazo la kuipa gumba herufi inayotumika kuliko zote si jipya. Kibodi ya Maltron, iliyobuniwa Uingereza na Lillian Malt na Stephen Hobday miaka ya 1970, iliiweka E kwenye gumba la kushoto kwa sababu E ndiyo mfalme wa Kiingereza. Kwetu mfalme ni A. Nikaiweka kwenye kitufe cha katikati kati ya vile vitatu vya gumba la kushoto, na spesi kwenye kitufe cha katikati cha gumba la kulia. Matokeo yake ni kitu ninachokifurahia kila saa ya kazi: na, ya, wa, za, la, cha, kwa, kama, sana, pia, bila. Maneno yetu mengi yanaishia kwa A, na baada ya A huja spesi. Gumba la kushoto, gumba la kulia, neno limefungwa, na vidole vinane vingine viko tayari kwa neno linalofuata.

Irabu nyingine nne zikapanga foleni kwenye mstari wa kati wa mkono wa kushoto: I kwa kidole cha shahada, U kwa cha kati, E kwa cha pete, O kwa cha mwisho. August Dvorak naye aliziweka irabu zote mkono wa kushoto katika mpangilio wa herufi za kibodi aliousajili mwaka 1936, lakini faida yake kwa Kiswahili ni kubwa kuliko kwa Kiingereza, maana silabi zetu ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu. Konsonanti zikikaa kulia, mikono inapokezana karibu neno zima. Andika "nilikutumikia" na utaelewa: hakuna hata mara moja mkono mmoja unapopiga mara mbili mfululizo, ila pale mwisho kwenye "ia".

Kazi ngumu ilikuwa pale konsonanti mbili zinapokutana. Nd, ng, nj, mp, mb, mv, mw, kw, ny, sh, dh. Nilichofanya ni kuwapeleka washirika wa N na M ng'ambo ya pili: D, G, J, P, V na F zimekaa mkono wa kushoto, juu na chini ya irabu. Kwa hiyo "nd" ni kulia kisha kushoto, "mp" ni kulia kisha kushoto. Bei yake ni kwamba maneno kama "jua" na "pigo" yanaandikwa na mkono mmoja. Nimepima, nimeona inalipa, kwa sababu "nd" na "ng" zimejaa kila mahali.

Kulia, N iko kwa kidole cha shahada, K cha kati, W cha pete, M cha mwisho. "Mw" inaporomoka kutoka nje kuja ndani, tamu sana kwa mkono. H imekaa juu ya W, na kidole cha pete hujikanyaga tu kwenye "hw" ya maneno kama fundishwa. Z ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Chini ya W haifai, kwa sababu tuna tangazwa, pendekezwa na kuuzwa, na huwezi kuipiga Z na W kwa kidole kimoja kila unapoandika kauli ya kutendwa ya namna hiyo. Chini ya M haifai, kwa sababu ya mzee, mzigo, mzazi, mzunguko. Imetua chini ya K, na hapo haina ugomvi na mtu.

Q na X nimezifukuza kutoka tabaka la kwanza. Nikizihitaji kwa jina la mtu au la kampuni ziko tabaka la alama. C peke yake pia imekwenda huko, na mahali pake kuna kitufe kinachotoa "ch" kwa mguso mmoja. Pembeni yake kuna kingine kinachotoa "ng'" pamoja na ritifaa yake. Hiki cha pili nakipendekeza kwa kila mwandishi wa Kiswahili, hata kama hutabadilisha kitu kingine chochote. Ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, kung'oa: watu wanaziandika bila ritifaa kwa uvivu wa kuitafuta, nami napokea makala za namna hiyo kuzihariri kila mara.

Tahadhari moja hapo: ukishikilia shifti ukabonyeza kitufe cha "ch", unapata herufi zote mbili kubwa, CH, na "CHakula" mwanzoni mwa sentensi ni aibu. Tiba yake ni shifti ya mguso mmoja. Unaigusa na kuiachia, inaikuza herufi moja inayofuata, kisha inajizima. Inaleta "Chakula" sawasawa, na inakiondolea kidole adha ya kushikilia.

Kuna mtindo unaosifiwa sana wa kuweka shifti, kontroli na wenzao juu ya herufi za mstari wa kati: ukigusa unapata herufi, ukishikilia unapata kontroli. Kwa Kiswahili siushauri upande wa irabu. QMK inasubiri, kwa kawaida milisekunde 200, ili kuamua kama umegusa au umeshikilia, na irabu zetu zinapigwa kwa wingi na kwa haraka kiasi kwamba makosa hayaishi. Kwa sababu hiyohiyo A isibebeshwe kazi ya kufungua tabaka. Kitufe cha namna hiyo hutoa herufi unapokiachia, si unapokibonyeza, na huo ucheleweshaji mdogo, ukirudiwa kwenye karibu robo ya herufi zako, unachosha akili. A yangu ni A tu. Matabaka yanafunguliwa na vitufe viwili vya gumba vilivyo pembeni.

Tabaka la pili ni QWERTY, mpangilio wa kibodi za kawaida, kwa barua pepe za Kiingereza. QMK ina amri ya LM, inayofungua tabaka na kushikilia kontroli kwa pamoja. Nimeiweka kwenye kitufe changu cha kontroli, kwa hiyo nikitaka kunakili, kubandika au kutengua, C, V na Z zinarudi mahali mikono inapozijua tangu zamani. Tabaka la tatu lina namba chini ya mkono wa kulia, zimepangwa kama za kikokotoo, na alama upande wa pili. La nne ni mishale. La tano ni la unukuzi: nashikilia gumba, kidole cha shahada kinasimamisha sauti, cha kati kinarudisha nyuma, cha pete kinaweka muda. Kabla ya hapo nilikuwa nainua mkono kwenda kwenye kipanya kila sentensi. Tabaka hili peke yake lingetosha kunishawishi.

Kasoro zipo. Wiki za mwanzo kasi inaanguka vibaya, na kama una kazi ya haraka mezani usianze sasa. Subiri kipindi chepesi. Kitufe cha ndani kabisa cha gumba kinamlazimu mtu mwenye mkono mdogo kukunja kidole, kwa hiyo usikiwekee kitu cha kila dakika. Nusu mbili zinaunganishwa na waya wenye kichwa kama cha jeki ya vipokea sauti, na waya huo usichomolewe wala kuchomekwa kibodi ikiwa na umeme, kwani pini zinaweza kugusana na kuunguza saketi. Muuzaji wangu hakunieleza hilo. Na ukishazoea, kuandika kwenye laptopu ya mtu mwingine kunahitaji dakika kadhaa za kujipanga upya.

Kidole changu cha mwisho kimetulia. Sisemi kibodi ni dawa. Nilipunguza pia saa za kazi na kushusha kiti, na mwenye maumivu amwone daktari. Lakini kazi iliyokuwa imekiangukia kidole kile haipo tena pale, na hilo naliona kwa macho.

Ukitaka kujaribu, chagua kibodi yenye vitufe vitatu vya gumba kila upande, maana viwili vinabana ukishaipa A kimoja. Hakikisha muuzaji ameweka Vial. Kisha, kabla hujahamisha herufi yoyote, chukua maandishi yako mwenyewe ya mwezi uliopita uhesabu herufi na jozi za konsonanti. Mwandishi wa habari za michezo, karani wa mahakama na mshairi hawatapata orodha moja. Ukimaliza, hifadhi faili la mpangilio nje ya kompyuta, kwa sababu Vial inaweza kulirudisha lote kwa mara moja ukibadilisha kibodi kwa nyingine ya aina ileile.

Kwangu bado P na F zinatafuta mahali pazuri zaidi upande wa kushoto.