Neva ya nyonga inapouma: sindano ya ganzi au fiziotherapia?

Mwenye maumivu haya utamjua kwenye kiti: anakaa ukingoni, tako moja hewani, na daladalani husimama hata siti ikiwa wazi. Cha ajabu, kwenye choo cha kukalia hupata nafuu, maana pale msamba haugandamizwi. Neva inayolalamika ni ya pudenda, itokayo sehemu ya chini ya uti wa mgongo, kwenye mizizi ya neva iitwayo S2 hadi S4, na kuhudumia msamba.

Sindano ya ganzi huchomwa karibu na neva hiyo, mara nyingi daktari akiongozwa na ultrasaundi. Hufanya kazi haraka, tena husaidia kumtambua mhusika: maumivu yakizima kwa muda, neva hiyo inazidi kushukiwa. Nafuu hiyo ni mojawapo ya vigezo vya Nantes, vya kutambua maumivu ya neva hii, vilivyochapishwa mwaka 2008. Tatizo ni kwamba nafuu yenyewe mara nyingi haidumu.

Fiziotherapia ni safari ya miezi. Na ina aibu yake, tusifichane: mtaalamu anaweza kuhitaji kupima misuli ya sakafu ya nyonga kwa kidole, ndani ya uke au njia ya haja kubwa, ukiridhia. Hukufundisha kupumua kwa tumbo na kulegeza misuli iliyokaza. Kulegeza, si kubana; mazoezi ya Kegel, ya kubana misuli hiyo, yanayosifiwa mitandaoni yanaweza kuzidisha maumivu kwa mwenye misuli iliyokaza.

Mimi ningeanza na fiziotherapia, sindano ije pale kukaa kunaposhindikana kabisa au chanzo hakieleweki. Ila msamba ukifa ganzi ghafla au mkojo ukigoma kutoka, acha kulinganisha. Nenda hospitali siku hiyohiyo.