Printa moja kwa ghorofa nzima: uzoefu wangu wa mwaka mmoja, Tanga

Mimi ni katibu muhtasi wa idara katika chuo kimoja hapa Tanga. Mwaka mmoja uliopita tuliachana na printa ndogo za kila ofisi, tukawekewa mashine moja kubwa ya leza, ya kukodi, inayochapa, kutoa kopi na kuskani. Unatuma kazi ukiwa mezani kwako, lakini karatasi haitoki mpaka ufike kwenye mashine ubonyeze namba yako ya siri. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Kabla yake tulikuwa na printa 7, kila moja na tona yake (kopo la unga wa wino) isiyoingia kwenye nyingine. Ya mkuu wa idara ikiisha, iliyobaki stoo ni ya mhasibu. Na kila jioni, pembeni mwa printa, lundo la karatasi zisizo na mwenyewe: huyu katuma mara mbili, yule kaona kosa akachapa upya, ya kwanza kaiacha hapo hapo. Siku moja nilinunua karanga Ngamiani, nikakuta zimefungwa kwa ukurasa wa matokeo ya wanafunzi wetu, majina na namba za usajili zinasomeka vizuri kabisa. Karanga nilizimimina kwenye mkoba, karatasi nikarudi nayo ofisini. Iliniuma sana, maana huenda ni mimi niliyeichapa.

Hilo limekwisha. Kazi isiyofuatwa inajifuta kesho yake, na mtihani hautoki mpaka mwalimu mwenyewe awe amesimama pale. Kwangu mimi, hii peke yake inatosha kuitetea mashine mbele ya kikao chochote.

Jambo la pili ni kuchapa pande mbili za karatasi. Fundi alilipanga kwenye kompyuta kuu ili kila kazi itoke pande mbili na kwa wino mweusi, isipokuwa ukibadilisha mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nawaomba watu wafanye hivyo. Wanakubali, halafu wanasahau. Sasa anayetaka upande mmoja ndiye anayehangaika kutafuta pa kubonyeza. Tulikuwa tukimaliza katoni 2 kwa mwezi, sasa hata 1 inavuka mwezi. Katoni ina rimu 5, na rimu ya A4 ya gramu 80 ina kilo 2.5, zote zikipandishwa ngazi na mzee wetu mhudumu. Juzi nilipomwamkia aliniambia, "Marahaba mwanangu. Mbona siku hizi huniiti stoo?"

Umeme nao umepungua. Leza huyeyusha tona kwa joto la karibu nyuzi 200, na kupasha joto ndiko kunakokula umeme. Zamani mashine saba zilipashwa kila moja kwa ajili ya barua ya ukurasa mmoja.

Sasa kasoro. Masika ya kwanza karatasi zilikwama kila siku. Hapa tuko pwani, karatasi inavuta unyevu, na ya pande mbili inapita kwenye joto mara mbili, kwa hiyo inajikunja. Muuzaji hakutuambia neno. Tulijifunza wenyewe: rimu haifunguliwi mpaka ihitajike, trei inawekwa karatasi za siku hiyo tu, na zinazobaki Ijumaa zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Tangu hapo kukwama kumekuwa kwa nadra.

Wakati wa mitihani kuna foleni, na mtandao ukikata ghorofa nzima inasimama. Tumebakiza printa ndogo moja kwa dharura. Msikubali ziondolewe zote.

Nyota niliyoikata ni ya makopo ya tona. Tuliahidiwa kwamba yakiisha yatachukuliwa. Hayajachukuliwa hata mara moja. 11 yako chini ya ngazi kwenye boksi, na sitaruhusu yapelekwe kuchomwa na taka, kwa sababu tona ni unga laini wa plastiki. Mkikodi mashine kama hii, tarehe ya kuja kuchukua makopo iandikwe kwenye mkataba kabla mkuu wenu hajatia saini. Sisi tuliridhika na ahadi ya mdomo.