Rivyu ya libtiff: inafungua kila faili, ila ikikuonya usipoelewa shauri yako

Leo naiongelea libtiff, laibrari ya kusoma na kuandika mafaili ya picha ya TIFF, na sio yote, naongelea kitu kimoja tu ambacho kimenitoa jasho mwaka mzima, yaani jinsi inavyokuambia kwamba faili lina shida. Kwenye kusoma mafaili sina neno, aisee, ile kitu inasoma. TIFF yenyewe ni fomati ya kizee, Aldus waliitoa 1986 wakilenga mambo ya skana, toleo la 6 likaja 1992, na mpaka leo skana za maofisini na ramani za droni bado zinatema TIFF, na programu nyingi zinazofungua hayo mafaili ukizichimba ndani unaikuta libtiff imekaa.

Shida inaanza pale unapoiunga kwenye programu yako mwenyewe. Usipoiambia chochote, kila kosa na kila onyo inalimwaga kwenye stderr, ile njia ya makosa inayoishia kwenye skrini. Mi kazi ya kwanza niliyoipa ilikuwa picha za droni za viwanja, kuzipunguza tu ukubwa ziingie kwenye mfumo wa watu, nikarusha faili la kwanza skrini ikajaa hivi:

TIFFReadDirectory: Warning, Unknown field with tag 33550 (0x830e) encountered.
TIFFReadDirectory: Warning, Unknown field with tag 33922 (0x8482) encountered.
TIFFReadDirectory: Warning, Unknown field with tag 34735 (0x87af) encountered.

Kwa kila faili. Mafaili mia kadhaa. Nikahangaika nusu siku nikidhani picha ni mbovu, kumbe hizo ni tegi tu (vibandiko vya taarifa ndani ya faili) za GeoTIFF, yaani TIFF yenye taarifa za ramani, 33550 ni ukubwa wa pikseli ardhini, 33922 ni ile pointi inayoifunga picha na ramani, 34735 ni orodha ya mambo ya projeksheni. Libtiff yenyewe haizijui kwa sababu sio kazi yake, inazisoma kama tegi zisizo na jina halafu inakupigia kelele. Dawa halali ni kutumia libgeotiff, ukifungua faili kwa XTIFFOpen tegi zinasajiliwa na kelele zinaisha. Mi nikafanya nini sasa? Nikaandika mstari mmoja:

TIFFSetWarningHandler(NULL);

Ukiipa NULL inanyamaza. Skrini safi, bosi kapita nyuma yangu kaona inapendeza, nikaenda kunywa chai.

Kodi hiyohiyo (kodi ya kompyuta, sio ile ya TRA) ndio nikaja kuitumia kwenye kazi ya pili, ofisi moja walikuwa wanahamisha majalada ya zamani kwenda PDF. Walishaskani zamani, A4 kwa 300 dpi, nyeusi na nyeupe, imekandamizwa kwa Group 4 ile ya faksi, na mafaili yalikuwa yamekaa kwenye flashi ambazo zimezunguka meza zote za jengo. Nikarusha usiku kucha, asubuhi programu inasema zote zimepita, hakuna kosa hata moja. Wiki ya pili nikapigiwa simu na mama wa masjala.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Hivi hii hati mbona juu inasomeka halafu kuanzia katikati ni michirizi tu kama mvua?"

Nikafungua mwenyewe. Kweli, nusu ya juu safi kabisa, sahihi na muhuri chini vimegeuka michirizi. Nikarudisha maonyo, nikarusha lile faili peke yake:

Fax4Decode: Warning, Premature EOL at line 1641 of strip 0 (got 1122, expected 2480).

Halafu mistari mingine ya hivyo chungu nzima chini yake. Maana yake ni kwamba mstari wa 1641 ulitakiwa uwe na pikseli 2480, ambao ndio upana wa A4 kwa 300 dpi, ukaishia 1122. Na Group 4 kila mstari unaandikwa kwa kutofautisha na mstari uliopo juu yake, haina alama ya mwisho wa mstari ambayo msomaji anaweza kujishikiza akaanza upya, kwa hiyo baiti moja ikioza hapo juu basi kila kinachofuata chini kinarithi uozo. Lakini libtiff inasema hilo ni onyo! TIFFReadScanline, funksheni ya kusoma mstari mmoja wa picha, bado ilinirudishia 1 kama vile hakuna kilichotokea, na -1 ndio ingekuwa kosa, na kodi yangu ilikuwa inaangalia -1 tu.

Makosa ni yangu, nakubali, nani kaniambia niweke NULL. Ila hapa ndipo lawama yangu kwa libtiff ilipo: tegi isiyojulikana ambayo haina madhara yoyote, na nusu ukurasa wa hati ya mtu uliopotea, zote mbili zinakuja kwako zikiwa na uzito uleule, neno lilelile Warning, mlango uleule. Hakuna namba ya kosa. Hakuna daraja. Hendla unayoandika, yaani funksheni yako ya kupokea maonyo, inapewa jina la moduli, ile stringi ya fomati na va_list yake (thamani za kujaza humo), basi, kwa hiyo ukitaka kujua kimetokea nini inabidi usome Kiingereza ndani ya programu yako, unatengeneza sentensi kwa vsnprintf halafu unatafuta maneno "Premature EOL" kwa strstr, na siku wakibadilisha herufi moja kwenye toleo jipya umekwisha. Mi ndio nafanya hivyo mpaka leo. Naona aibu lakini inafanya kazi.

Na hilo jina la moduli nalo ni bahati nasibu. Kuna ujumbe unakuja na jina la faili, mwingine unakuja na jina la funksheni. Zile tatu za juu zinasema TIFFReadDirectory, sawa, faili gani sasa kati ya mia sita? Faili ambalo si TIFF kabisa ndio linakutajia jina vizuri:

jalada_0117.tif: Not a TIFF or MDI file, bad magic number 55551 (0xd8ff).

Hiyo 55551 naipenda, ni kama utani wa ndani. JPEG inaanza na baiti FF halafu D8, libtiff inazisoma kinyumenyume inapata 0xd8ff, kwa hiyo ukiiona 55551 ujue kuna mtu kachukua JPEG akaibadilisha jina tu ikawa .tif. Ukiona 20617 ni PNG. 20517 ni PDF. Nimezibandika kwenye kikaratasi pembeni ya skrini na kwenye kazi ya masjala zote tatu zilitokea.

Kingine cha kuangalia ni mafaili ya kurasa nyingi. Watu wengi tunaandika luupu ya TIFFReadDirectory, inayosogea ukurasa unaofuata, mpaka irudishe 0, sasa 0 inarudi kurasa zikiisha na 0 hiyohiyo inarudi ukurasa unaofuata ukiwa umeharibika, luupu yako inadhani kazi imekwisha, jalada la kurasa 40 linatoka na 12 na hakuna aliyelia. Uliza TIFFLastDirectory kabla hujasonga, kama haikuwa ya mwisho na umepata 0 basi kuna jambo.

Sasa nisiwe mtu wa kulaumu tu. Toleo la 4.5.0 lililotoka mwisho wa 2022 limetibu donda kubwa. Kabla ya hapo hendla ilikuwa moja kwa programu nzima, ukiwa na nyuzi nane (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu) zinasoma mafaili nane maonyo yote yanaingia chungu kimoja hujui lipi la nani, na laibrari nyingine ndani ya programu yako ikiweka hendla yake inaifuta ya kwako bila hodi. Sasa hivi unatengeneza TIFFOpenOptions, unaipa hendla yako kwa TIFFOpenOptionsSetWarningHandlerExtR pamoja na pointa ya kitu chako mwenyewe, unafungua kwa TIFFOpenExt. Majina marefu kama treni ya mizigo lakini ndio yanayotakiwa. Kila faili na hendla yake, ile pointa mi naipa kistrakti chenye jina la faili na kaunta tatu. Hendla ikirudisha 1 maana yake nimeshughulikia, ikirudisha 0 ujumbe unaendelea kwenda kwa hendla ya jumla. Ndani ya hendla nimeandika sheria tatu fupi, tegi isiyojulikana inahesabiwa tu, chochote kinachoanza na Fax4Decode kinalitia faili alama nyekundu hata kama ni onyo, kilichobaki kinaandikwa kwenye logi nikisome asubuhi.

Jirani zake je? libjpeg ina ukorofi wake, ukiiacha ilivyo kosa kubwa likitokea inaita exit() na kuua programu yako nzima, seva yako inazima kwa sababu ya selfii moja iliyooza, ndio maana kila mtu anaandika ile error_exit yake na longjmp ya kuruka kutoka kwenye kosa. Lakini ina kitu kimoja ambacho nakionea wivu kwa niaba ya libtiff, num_warnings, kaunta ya maonyo ndani ya muundo wenyewe. JPEG iliyokatika njiani nayo ni onyo tu, chini inajazwa rangi ya kijivu, ila ukimaliza unaangalia kaunta kama ni sifuri. Mstari mmoja! Libtiff ingekuwa nayo mi nisingepigiwa simu.

Nyota sasa. Kusoma mafaili 5, hapo hata usibishane na mimi. Kuonya, kabla ya 4.5.0 naipa 2, baada ya hapo 3 na nusu, hiyo moja na nusu iliyobaki wataipata siku wakileta namba za makosa. Kama uko kwenye toleo la zamani na una nyuzi zaidi ya moja, apdeti kwanza ndio uendelee kusoma chochote kingine.

Majalada ya masjala niliyarusha upya yote na hendla mpya, kurasa 31 zikatoka na alama nyekundu. Mama akaenda stoo mwenyewe na orodha mkononi, kapata karatasi halisi za 22 tumeskani upya. Hizo 9 bado anazitafuta.