Handibreki ya haidroliki kwenye Mark X: leva ni nzuri, lakini fungua kalipa kwanza

Toyota Mark X GRX120 haina handibreki ya mkono. Ya kuegeshea unakanyaga kwa mguu. Kwa mtu wa kudrifti, yaani kuserereshea gari kwenye kona makusudi, hiyo haisaidii, kwa hivyo nilinunua leva ya haidroliki (inayobana breki kwa presha ya mafuta) isiyo na jina pale Grogan, soko la vipuri Nairobi, yenye silinda ya robo tatu inchi, ikafungwa kwenye paipu ya breki za nyuma.

Leva yenyewe sina neno nayo. Chuma kizito, haitikisiki, na ukivuta, magurudumu ya nyuma yanakamata papo hapo. Hiyo ni kama breki ni nzima.

Yangu ilianza kukamata gurudumu la kulia tu, la kushoto linaendelea kuzunguka. Nikashauriwa ninunue silinda pana zaidi. Bure kabisa: kwa nguvu ile ile ya mkono, silinda pana hutoa presha ndogo, na leva inakuwa ngumu tu. Fundi wangu wa Industrial Area alifungua kalipa ya kushoto, yaani kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski. Pedi ya ndani ilikuwa imelika mshazari, upande mmoja karibu ufike chuma, na pini ya chini, ambayo kalipa huteleza juu yake, imeshika kutu hadi ikatolewa kwa nyundo.

"Boss, ungebadilisha leva mara ngapi na shida iko huku?"

Pini ikapigwa msasa na kupakwa grisi ya breki. Usikubali ile ya bearing, inavimbisha mpira.

Leva ikianza kulegea baada ya mizunguko michache, shuku mafuta ya breki. Yangu yalitoka na rangi ya strungi. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka unabana mvuke, na mvuke hausukumi pistoni. Siku hizi nabadilisha kabla ya kwenda kudrifti, nikianza kutoa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu ya breki. Kama silinda ya leva imesimama wima, ilegeze uiinamishe mpaka tundu la kutokea mafuta liwe juu, la sivyo hewa itabaki imejificha humo na utapampu hadi jioni.

Lawama zangu ni kwa aliyeifunga mara ya kwanza. Hakuacha nafasi yoyote kwenye fimbo ya kusukuma pistoni, kwa hivyo pistoni hairudi mwisho, presha inabaki, na diski zinachemka hata ukiwa Mombasa Road kwenye jam. Ukifungiwa, cheza na leva: lazima isogee kidogo kabla ya kuanza kusukuma.

Ya mguu usiing'oe. Haidroliki haiegeshi gari, presha hupungua polepole ukalikuta gari limeserereka.

Naipa nyota nne. Ya tano ingepatikana kama boksi lingekuja na sili za akiba, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje. Grogan ukiziulizia wanataka uende na ya zamani mkononi.